Mkate na Kiriba cha Maji: Mtoto wa Wazazi Walioachana Anapokwenda Chuo

Somo: Mwanzo 21:8-21



Mwezi wa nane vyuo vinafunguliwa, na wazee wa kanisa wameanza kupokea wageni jioni. Anakuja mama na barua ya kukubaliwa chuoni mkononi. Baba wa mtoto yuko kijiji cha pili, ana mke mwingine. Au yuko Kampala. Au alipata kusafirishwa Marekani na huko akaanza maisha mapya. Kila mmoja anasema zamu ni ya mwenzake. Kijana amekaa kwenye benchi kimya, anatazama chini.

Juu ya talaka yenyewe tumekwisha kuhubiri mara nyingi, na Malaki 2 mnaijua. Leo tunasema juu ya yule aliyeko kwenye benchi.

Tumsome Ishmaeli. Wengi wetu, kwa sababu ya picha za Shule ya Jumapili, tunafikiri alikuwa mtoto mchanga siku ile mama yake alipofukuzwa. Hesabu wenyewe. Abrahamu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Karamu ile ilikuwa ya kumwachisha Isaka ziwa. Basi Ishmaeli alikuwa kijana wa miaka kumi na minne na zaidi, pengine kumi na sita. Ni umri wa watoto wetu wanaokaribia kumaliza sekondari.

Na baba yake alikuwa nani? Mwanzo 13 inasema alikuwa tajiri sana kwa mifugo, fedha na dhahabu. Akaamka asubuhi, akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji. Basi. Hatumhukumu Abrahamu, maana Mungu alikuwa amempa ahadi juu ya kijana yule. Lakini Biblia haikuficha kwamba maji yale yaliisha, na kwamba mama aliketi mbali ili asimwone mwanawe akifa. Wako akina baba kati yetu waliotoa mkate na kiriba kimoja: ada ya muhula wa kwanza, na picha ikapigwa. Muhula wa pili simu haishikwi. Chuo cha miaka mitatu kina mihula sita, ndugu zangu.

Angalieni pia mstari wa 17. Mama ndiye aliyelia kwa sauti, lakini imeandikwa kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Hakuanza kwa kuuliza nani alimkosea nani katika nyumba ile.

Sasa tuje kwenye mambo ya shilingi, maana Bwana mwenyewe katika Luka 14 alimtaja mjenzi anayekaa kwanza na kuhesabu gharama. Ada, ile tuliyoiita nyumbani Kongo minervali, ni sehemu tu. Kuna usajili, kitambulisho, mtihani, kodi ya chumba, chakula, nauli ya kwenda Mbarara na kurudi, daftari, fotokopi, sabuni, na kwa binti zetu pedi. Mwaka wa mwisho kuna mafunzo ya vitendo, na hapo ndipo wengi hukwama kwa sababu hakuna aliyeyaweka kwenye hesabu. Andikeni yote kwenye karatasi moja, kijana akiwepo.

Kugawa nusu kwa nusu kunaonekana ni haki, lakini mara nyingi siyo. Tuchukue mfano: baba wa bodaboda anabaki na shilingi 300,000 kwa mwezi, mama anayeuza nyanya sokoni anabaki na 100,000. Katika kila shilingi nne, tatu zinatoka kwa baba na moja kwa mama. Mwakani mama akifanikiwa, hesabu inageuka. Na mahindi na maharage yahesabiwe pia. Mama anayemlisha kijana likizo nzima ametoa, hata kama hana risiti. Hili si wazo la wazee peke yao: Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawadai wazazi walioachana wachangie malezi kila mmoja kwa uwezo wake. Na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inaita kulea watoto haki na wajibu wa wazazi. Haikusema wazazi wanaolala nyumba moja.

Ndugu yetu mmoja aliyeko ng'ambo alitujibu kwamba huko mahakama imemwachia, maana mtoto ametimiza miaka 18. Ni kweli, katika majimbo mengi ya Marekani malipo ya matunzo hukoma karibu na umri huo. Lakini Paulo alipomwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8), hakuandika umri.

Akina mama, nanyi mtusikilize. Kumnyima baba kumwona mtoto mpaka alipe ni kumfanya mtoto rehani. Kupokea fedha ya baba na kumwambia kijana kwamba baba hajatuma kitu ni uongo, na siku moja kijana ataona ujumbe kwenye simu. Kwa hiyo ada ilipwe moja kwa moja kwa chuo, na risiti wazione wote wawili. Ya chakula itumwe kwa simu ya kijana mwenyewe, tarehe inayojulikana. Mke mpya au mume mpya aambiwe mapema, asije akasikia sokoni. Na kijana asitumwe kubeba maneno makali kati ya nyumba mbili.

Juu ya mahari tutasema kidogo tu. Baba ambaye hakuchangia hata kalamu ya binti, kisha anafika wa kwanza siku ya ng'ombe, wazee watamuuliza risiti zake.

Tunajua hali. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa msaada kwa makundi, wengine wetu walipunguziwa na wengine wakaondolewa kabisa. Ufadhili wa DAFI, unaosaidia wakimbizi vyuoni tangu 1992, una nafasi chache kuliko wanaoomba; kijana aombe, lakini wazazi wasiache kuhesabu wakimsubiri mfadhili. Kama mko watu wawili maskini kweli, semeni hivyo mbele ya mtoto. Chuo cha ufundi cha karibu kinacholipika mpaka mwisho ni bora kuliko chuo kikuu kinachokatika mwaka wa pili.

Wazee watakaa nyuma ya kanisa kila Jumamosi ya mwezi wa saba, baada ya maombi. Njooni wote wawili, hata kama hamsalimiani. Benchi zitakuwa mbili. Mleteni kijana, karatasi ya ada na kalamu.