Sheria Mlangoni pa Duka

Je, sheria iliyokusudiwa kumwokoa mtu ikimtia pingu yeye yule, tuseme imetenda haki? Swali hili limetokea Marekani, katika habari ya maduka ya kukanda mwili. Mengi hufanya kazi halali. Walakini katika mengine wanawake, hasa wageni wenye deni la safari, hulazimishwa kuuza miili yao nyuma ya pazia.

Washington ilikuwa jimbo la kwanza kuifanya biashara ya watu kuwa kosa katika sheria zake, mwaka 2003. Tena majimbo mengi hudai cheti kwa kila mkandaji. Ni vema, lakini cheti humkamata nani kwanza? Si mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi (naye pengine ajua sana yatendekayo humo), bali mwanamke asiye na karatasi wala lugha ya kujitetea.

Mwaka 2019 polisi wa Florida waliyavamia maduka ya namna hiyo, wakisema wanapambana na biashara ya watu. Wanawake walitiwa gerezani. Kisha mwendesha mashtaka akakiri mahakamani kwamba katika kesi ya mji wa Jupiter hapakuwa na ushahidi wa biashara hiyo.

Texas mwaka 2021 ilizidisha kosa la mnunuzi, likawa kosa kubwa. Nadhani ndivyo ipasavyo, kwani pasipo mnunuzi pazia lile lisingetundikwa. Lakini huko pia mwanamke angali mkosaji mbele ya sheria; polisi abishapo hodi, yeye hajui kama amekuja kumtoa au kumfunga.