Hakuna Aliyemkanya Penina

Kila tusomapo sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza huwa twafanya haraka kufika penye sala ya Hana na kuzaliwa kwa mtoto. Safari hii twaomba tukae kidogo nyumbani kwa Elkana. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa nao. Maandiko yaeleza wazi kwamba Penina alimchokoza mwenzake kwa makusudi ili kumwumiza moyo, na kwamba ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka, kila walipopanda kwenda Shilo. Hakumpiga. Hakumwibia. Lakini Hana alilia, akaacha kula.

Tazameni basi waliomzunguka. Mumewe, aliyempenda kweli, alimwuliza kwa nini analia, akamkumbusha kuwa mume kama yeye ni bora kuliko wana kumi. Kuhani Eli aliona midomo ikicheza bila sauti, akadhani mama huyu amelewa, akamkaripia. Mmoja alitaka Hana ajifariji, mwingine alitaka Hana ajirekebishe. Katika sura yote hatusomi kwamba mtu yeyote alimwita Penina akamwambia aache.

Akina Hana wamo katika parishi zetu. Yuko binti aliyekataa uchumba, na sasa mwanamume yule humngoja kwenye kituo cha matatu, humfuata atokapo mazoezi ya kwaya, humpigia simu usiku wa manane na kunyamaza. Yuko mjane ambaye mashemeji humtumia ujumbe kila juma kwamba yeye ndiye aliyemla ndugu yao. Wakija kwa wazee wa kanisa huambiwa wavumilie, waombe, wasamehe. Wakitaja polisi, hufunguliwa Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, pale Paulo anapowashutumu ndugu wanaoshtakiana. Basi yatupasa tuulize: uchungu wa moyo ni jeraha linalostahili kinga ya sheria, ama ni msalaba wa kubebwa kimya?

Sheria yenyewe ilichelewa kujibu. Mwaka 1888 Baraza la Rufani la London lilikataa madai ya mama mmoja wa Australia aliyeponea chupuchupu kugongwa na gari moshi, kwa hoja kwamba hofu tupu, bila mwili kuguswa, haina fidia. Miaka tisa baadaye, mwaka 1897, ikaja kesi nyingine. Mteja wa baa moja ya London alimwambia mke wa mwenye baa kwamba mumewe, aliyekuwa amekwenda kutazama mashindano ya farasi, amepata ajali, amevunjika miguu yote miwili, na amelala Leytonstone akimngoja aje na mito miwili kumchukua. Ulikuwa mzaha. Mume alirudi jioni mzima kabisa. Lakini mama yule alikuwa amepatwa na mshtuko mkubwa. Alitapika, akaugua kwa majuma mengi. Jaji Wright aliamua kwamba atendaye kusudi jambo la kumdhuru mtu, akamdhuru kweli, hawezi kujitetea kwamba alitania tu. Mama akapewa pauni 100, na nauli ya gari moshi ya watu aliowatuma, shilingi moja na peni kumi na nusu.

Mwenye Mithali alikwisha kuyaona hayo zamani. Katika sura ya 26 amfananisha mtu adanganyaye jirani yake kisha akasema alikuwa akicheza, na mwendawazimu atupaye moto na mishale. Na hukumu ile si ngeni kwetu: ilitolewa mwezi wa Mei 1897, na sheria ya Kenya hutaja tarehe 12 Agosti ya mwaka huo huo kuwa siku ambayo misingi ya sheria ya Uingereza hupimwa kwayo katika mahakama zetu.

Hata hivyo hukumu ile ilihusu uongo wa mara moja. Mateso ya binti yetu ni ya namna nyingine, kwa kuwa kila tendo likichukuliwa peke yake si kitu. Kusimama kwenye kituo cha matatu si kosa. Kupiga simu si kosa. Ukiutazama uzi mmoja mmoja huioni kamba. Uingereza ilitunga sheria ya jambo hilo mwaka 1997, ikatazama mwenendo wenye matukio mawili au zaidi, na mwaka 2012 kumwandama mtu kukatajwa kuwa kosa lenye jina lake. Kenya ilitunga Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani mwaka 2015. Humo ukatili si kipigo tu. Waingia pia kuandama, kutisha, kutukana na kutesa moyo, na hata uingiliaji wa wakwe na mashemeji. (Wengine watatabasamu hapo, mjane wetu hatatabasamu.) Sheria hiyo ni ya wenye uhusiano wa karibu: mume na mke, waliokwisha achana, wachumba, jamaa.

Sasa turudi kwa Paulo. Wakorintho aliowashutumu walikuwa wakidaiana na kudhulumiana mali. Lakini yeye mwenyewe, katika Matendo 23, zaidi ya watu arobaini walipoapa kumwua, alimtuma mpwa wake kwa mkuu wa askari, akakubali kusindikizwa usiku na askari wa miguu na wapanda farasi. Kushindania shamba na ndugu ni jambo moja. Kuomba kinga ni jingine. Kusamehe nako hakumlazimishi mtu amwachie mlango wazi anayemnyemelea.

Tena amri ya ulinzi itolewayo na mahakama si kifungo. Ni neno lisemwalo kwa mkosaji: acha, usimkaribie. Adhabu huja akiivunja. Penina naye alikuwa na donda lake, mke asiyependwa kama mwenzake, na huenda neno la namna hiyo lingemfaa hata yeye. Mtu atasema Hana aliomba, akajibiwa, yatosha. Mungu alimjibu, naam. Lakini majibu hayo hayamwondolei Elkana wala Eli wajibu wao.

Basi anayeandamwa asifute ujumbe wowote. Aandike katika daftari tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na nani aliyekuwapo, maana hakimu atataka kuiona kamba nzima. Akienda kituo cha polisi aombe namba ya taarifa yake. Na asiende peke yake. Mzee wa kanisa mmoja na mama mmoja wafuatane naye.