Mapigo ya Mzazi na Mwana

Lipo swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza, nasi leo linatudai jibu: je, mapenzi ya mzazi kwa mwanawe yanaweza kupimwa? Swali hili limekwisha kuvuka mpaka wa mzaha. Wataalamu wa ubongo wanazo kofia nyepesi zenye vitaa, ambazo mama na mtoto huvishwa kwa wakati mmoja. Mwanga wake hupenya fuvu, na kwa kuangalia jinsi oksijeni inavyosafiri katika damu, mtaalamu hukisia ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi. Kisha huiweka sambamba michoro miwili, wa mzazi na wa mtoto, aone kama inapanda na kushuka pamoja. Kwenda pamoja huko ndiko tutakakokuita hapa ulandano.

Waliyoyaona si madogo. Mwaka 2011 Ruth Feldman na wenzake, huko Israel, walionyesha kwamba mama na mtoto wa miezi 3 wanapotazamana na kuchekeana, mapigo ya mioyo yao hufuatana kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Mwaka 2017 Victoria Leong na wenzake walichapisha utafiti ambamo mtu mzima aliwaimbia watoto wachanga nyimbo za kitoto. Pale alipowatazama machoni, mawimbi ya ubongo wake na ya mtoto yalikaribiana kuliko pale alipoyaepusha macho.

Mpenzi wa ushairi hatashangazwa na habari hii, kwani bembelezi haikutungwa ili mtoto afahamu maneno. Ilitungwa ili pumzi yake ipate mahali pa kuegemea. Watu wa Bagamoyo, mji wa ngoma uliopewa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, wanajua pia kwamba kupatana si kufanana. Chapuo halipigi anachopiga vumi. Kila moja lina kauli yake, na utamu wa ngoma umo katika kusikilizana.

Hapo ndipo shaka yetu inapoanzia. Tuseme vipimo hivi vimefika katika pwani yetu, kuanzia Kaole hadi Saadani, na mama mmoja ameonekana halandani na mwanawe. Je, tuseme hampendi?

Jibu letu ni la hasha, na tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kipimo huona pale kilipofundishwa kutazama, na tafiti nyingi za aina hii zimefundishwa kutazama nyuso. Mtoto wa pwani, kwa sehemu kubwa ya siku, huwa mgongoni, ndani ya mbeleko. Haoni uso wa mamaye, lakini anamjua kwa joto, kwa hatua, kwa mtwangio wa kinu na kwa pumzi inayopanda mbavuni. Watafiti wa Vienna nao walichapisha mwaka 2021 kwamba mtoto aliyepakatwa hulandana na mamaye katika ubongo zaidi kuliko aliyeketishwa kando yake, japo wote wawili wanatazama kitu kimoja na wala hawatazamani. Na kabla ya kofia hizi kuwapo, Mary Ainsworth alikwenda katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, kati ya mwaka 1954 na 1955. Alizitembelea familia 26 kwa miezi kadhaa, akiketi sebuleni mwao na kutazama. Aligundua kwamba watoto waliotulia zaidi aghalabu walikuwa wa mama walioweza kumsimulia mgeni habari za wana wao kwa undani. Kilichopimwa pale kilikuwa ujuzi: mama anamfahamu mwanawe kiasi gani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ulandano uliotimia si heri hata kwa hesabu ya wanasayansi wenyewe. Edward Tronick aliandika mwaka 1989 kwamba mama na mtoto wenye afya njema huwa pamoja kwa takribani asilimia 30 tu ya muda wa mazungumzo yao. Muda uliobaki hupoteana na kutafutana. Jaffe na Beebe, pamoja na wenzao, walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto waliokuja kuwa na utulivu walipofika mwaka mmoja ni wale ambao sauti zao na za mama zao zilifuatana kwa kiasi cha katikati. Kufuatana kupita kiasi kulikuwa dalili ya wasiwasi.

Katika majibizano ya malenga, anayejibu huishika bahari ya aliyeanza, lakini akirudia maneno yale yale hajajibu kitu. Mtoto naye ni mjibuji. Mzazi anayetaka kila pigo lake lirudiwe anamnyima mwanawe beti zake. Wajibu wa mzazi, basi, ni kurudi kila anapopotea. Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja hakikatwi: walijua kuna kuchafuana, na baada yake kuna kuoshana.

Tusifikie, hata hivyo, kuukataa utafiti. Bagamoyo yenyewe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, na faida yake imewafikia watoto wengi. Ila kijidudu cha malaria huonekana ndani ya tone la damu. Ulandano hauna tone lake. Ni kivuli cha jambo, na kivuli hurefuka au kufupika kwa kutegemea jua limesimama wapi.

Tena swali la haki halimhusu mama peke yake. Ikiwa sayansi inatuambia kwamba mtoto anahitaji mtu anayemwitika, inatupasa kuuliza ni nani anayempa mtu huyo nafasi ya kuitika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Mkulima wa mwani wa Mlingotini hakuajiriwa na mtu. Likizo yake ni kati ya bamvua moja na nyingine. Akirudi jioni na mikono iliyochunwa na chumvi, asimtazame mwanawe machoni kwa uchovu, mashine itaandika pengo. Haitaandika kwamba bibi ndiye aliyempakata mtoto kutwa, wala kwamba pengo hilo limechimbwa na bei ya mwani.

Kabla ya kumvisha kofia, basi, na tumpunguzie mzigo. Kisha tupime tukitaka, naye akiridhia, na tumsomee yeye kwanza yaliyoandikwa juu yake.