Mizani Haikati Upepo

Palikuwa na kijana wa Ukunda aliyenunua baiskeli ya mbio. Ilikuwa ya mtumba, fremu ya aluminiamu, usukani wa kupinda chini, matairi membamba. Jina lake silitaji, kwa kuwa nimemuunga kwa vipande vya vijana kadhaa wa barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Atakayejiona humu ajue ana wenzake. Baada ya kuilipia hakujaribu breki. Alikwenda nayo moja kwa moja kwa mchuuzi wa samaki anayejuana naye, akaomba mizani ya kutundika, akaining'iniza. Kilo tisa na nusu. Furaha yote ikamtoka.

Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba baiskeli za Tour de France ni kilo saba hivi. Alichokosa kusoma ni kwamba tangu mwaka 2000 UCI, chama kinachosimamia mchezo huu duniani, hakiruhusu baiskeli ya mashindano ipungue kilo 6.8. Maana yake ni kwamba wakubwa wa mchezo huo wanakaribiana sana kwa uzito wa baiskeli, na bado mmoja hufika kwanza na mwingine akachelewa nusu saa.

Kijana akaanza kusaka gramu. Kengele ikatoka, na kishikio cha taa kikatoka. Nguzo ya kiti ikakatwa kwa msumeno wa chuma, usukani nao ukapunguzwa ncha. Matairi yakabadilishwa, yakaja membamba zaidi, yenye tyubu laini ya kuonea huruma. Pampu na tyubu ya akiba vikabaki nyumbani, na chupa ya pili ya maji pia, maana lita moja ya maji ni kilo moja na yeye alikuwa ameapa kuishi bila kilo. Mwisho, kwa akiba ya msimu mzima wa kazi hotelini Diani, akaagiza magurudumu ya kaboni: spoki chache, rimu zenye kina kirefu. Muuzaji alimwambia ni mepesi. Akamwambia pia yanakata upepo. Yote mawili yalikuwa kweli. La tatu, yaani rimu kama hizo hufanya nini upepo ukija kutoka ubavuni, halikusemwa.

Fundi aliyezifunga alijaribu kulisema.

"Mwanangu, rimu hizi zina ubavu mpana. Kusi ikikukuta penye uwazi, usukani hautakuwa wako."

"Ami, hebu inua kwanza. Kwa kidole tu."

"Nimeinua. Ila wewe hukuinunua uiinue, umeinunua uipande."

Kijana alicheka, akalipa, akaipeleka tena kwa mchuuzi wa samaki. Kilo saba na nusu. Aliipiga picha ikiwa kwenye mizani.

Ilikuwa Julai. Wenzake wawili, mmoja ana baiskeli ya chuma na mwingine ya milimani yenye matairi mapana, walikubaliana naye kwenda Msambweni na kurudi. Waliondoka jua limeshapanda. Wavuvi wa Gazi wangewaambia kwamba wamechelewa, kwa sababu alfajiri kuna umande, ule upepo mdogo wa kutoka bara, na bahari haijaamka. Lakini kadiri jua linavyopanda, kusi, upepo wa msimu wa kutoka kusini, nayo hupanda. Barabara ile kutoka Ukunda inaelekea kusini na kidogo magharibi, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Kwenda Msambweni katika miezi ya kusi ni kupigwa usoni na bega la kushoto kwa pamoja.

Kijana alitangulia. Alitaka waione. Aliketi wima, jezi ya mpira ikipepea mgongoni, akasukuma. Wenzake hawakushindana naye. Walijipanga mmoja nyuma ya mwenzake, wakawa wanabadilishana mbele kila baada ya kitambo. Baada ya Mwabungo wakamfikia, baada ya Gazi wakamwacha. Alifika Msambweni chupa yake tupu, miguu inatetemeka, anashangaa baiskeli ya kilo saba na nusu imekuwaje nzito hivyo.

Haikuwa nzito. Tupige hesabu, na isimtishe mtu, ni ya shule ya msingi pamoja na fizikia kidogo. Mtu wa wastani akienda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, kiasi cha asilimia 80 ya nguvu zake inaliwa na hewa anayoisukuma mbele yake. Iliyobaki inaliwa na matairi kusuguana na lami na vitu vidogo vidogo. Kilo moja ya ziada, kwa mwendo huo huo, haidai hata wati moja zaidi, na mtu huyo anatoa wati 150 hivi. Sasa mpe upepo wa kilomita 15 kwa saa usoni. Hewa inayompiga ni ya kilomita 45, na kwa kuwa msukumo wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, anarudishwa nyuma kwa nguvu mara mbili na robo ya ile ya mwanzo. Kilo mbili alizopunguza kijana wetu zilimpa pungufu ya wati moja. Kule kukaa wima kulimnyang'anya makumi ya wati. Mwili wa mpandaji ndio unaobeba sehemu kubwa ya upepo, robo tatu au zaidi, baiskeli hubeba kilichobaki. Na anayejificha nyuma ya mwenzake anaweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Wenzake walipewa bure kile alichokwenda kukinunua.

Haki itendeke kwa uzito pia. Ukitoka Kombani ukapanda kwenda Kwale mjini, juu kwenye vilima vya Shimba, zaidi ya mita 300 juu ya bahari, hapo hadithi inabadilika. Mwendo hupungua, hewa hulegea, na unachopambana nacho ni kuinua mwili na chuma. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 70 pamoja, kilo moja pungufu ni karibu asilimia moja na nusu ya kazi ya kupanda. Kwa mpando wa dakika 40, hiyo ni nusu dakika tu, tena kwa kukadiria kwa ukarimu. Anayeshindana na watu wanaomzidi kwa sekunde chache ana sababu ya kuitafuta nusu dakika hiyo. Anayepanda Kwale Jumapili asubuhi kwa ajili ya afya angeipata kwa kuacha andazi la tatu.

   

Mchezo wenyewe ulishaijibu hoja hii ya uzito na upepo zamani. Mwaka 1972 huko Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja, rekodi ya dunia, kwenye baiskeli isiyofika kilo 6. Mafundi wake walifikia hata kutoboa cheni matundu ili ipungue. Mwaka 1984, katika mji huo huo, Mwitalia Francesco Moser alifika kilomita 51.151. Baiskeli yake ilikuwa nzito kuliko ya Merckx, ila magurudumu yake yalikuwa sahani zilizozibwa, na yeye alilala chini zaidi. Yapo mengine yaliyomsaidia, lakini wepesi haukuwa mojawapo. Miaka mitano baadaye, Julai 1989, Mmarekani Greg LeMond aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Aliweka viegemeo vya kiwiko kwenye usukani, akavaa kofia ya kukata upepo. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zimefungwa mkia. LeMond alishinda, na tofauti ya mwisho, baada ya majuma matatu, ilikuwa sekunde 8.

Turudi Msambweni, maana hadithi haijaisha, na iliyobaki ndiyo mbaya.

Wakirudi, kusi ilikuwa nyuma yao na mkono wa kulia. Kijana alipata uhai tena. Alikunywa maji ya wenzake, akainama sasa, akaachia mwendo. Penye minazi upepo ulikatika, penye uwazi ulirudi, na kila uliporudi zile rimu ziliupokea kama tanga lipokeavyo. Alijifunza kuegemea kulia kidogo ili asisukumwe. Ndipo lori likampita. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo lori lilikuwa kulia kwake, kati yake na bahari. Kwa muda mfupi likaziba upepo aliokuwa ameuegemea. Baiskeli ikavutwa kulia, kuelekea magurudumu ya lori. Akaogopa, akaivuta kushoto. Na wakati huo huo lori likawa limepita na kusi ikarudi yote kwa mkupuo. Gurudumu la mbele likatoka kwenye lami, likashuka kwenye ukingo ambao ni chini kuliko lami kwa kimo cha kiganja, likaingia mchangani. Usukani uliokatwa ncha ulikuwa mfupi mno kulirudisha. Mtulinga ulivunjika, rimu moja ikapasuka. Wenzake walisimama. Kofia ya kichwa, bahati nzuri, hakuwa ameihesabu miongoni mwa gramu.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanaojifunza. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akakuzwa kwenye mchezo huu na David Kinjah huko Kikuyu, akaivaa jezi ya Kenya kabla ya kuivaa ya Uingereza. Mwaka 2006, akiiwakilisha Kenya huko Salzburg katika mbio za dunia za vijana wa chini ya miaka 23, za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, alimgonga ofisa wa mashindano muda mfupi tu baada ya kuanza, wote wawili wakaanguka. Miaka kumi baadaye alikuwa bingwa. Tarehe 9 Julai 2016, walipofika kilele cha mlima Peyresourde, ambako kila mtu alitegemea wapandaji wapumzike, yeye aliondoka kwenye mteremko. Aliketi juu ya bomba la fremu, kifua juu ya usukani, akashuka hadi Luchon akashinda kwa sekunde 13. Siku nne baadaye, kwenye tambarare ya kwenda Montpellier, upepo wa ubavuni ulipolipasua kundi, alichomoka na Peter Sagan akaongeza sekunde nyingine. Tour ile aliishinda, na katika siku hizo mbili alichokusanya kilitokana na upepo na ustadi wa usukani. (Ule mkao wa juu ya bomba UCI iliupiga marufuku mwaka 2021, kwa sababu waliouiga hawakuwa wote Froome.)

Kisha ikaja tarehe 12 Juni 2019, mjini Roanne, Ufaransa. Alikuwa akiikagua njia ya mbio za siku ile, juu ya baiskeli ya kushindana na saa, ambayo imeundwa hasa kwa kukata upepo. Alitoa mkono kwenye usukani apenge kamasi. Upepo mmoja ukalipiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Paja, kiwiko na mbavu vilivunjika. Alikuwa ameshinda Tour de France mara nne, na tangu siku ile hakuishinda tena.

Kwa hiyo hata kukata upepo kuna mpaka wake, na mpaka huo ni pale mikono inaposhindwa. Nadhani mpangilio wa kweli kwa barabara zetu ni huu: kwanza baiskeli ikutii, pili uinamie upepo, uzito uje wakati pesa zimebaki. Mizani hupendwa kwa sababu inasema namba moja, ya wazi, ya kupigwa picha. Utulivu wa usukani haupigwi picha.

Ukiwa na shilingi elfu chache mkononi, anza na mipira ya breki na waya mpya. Kisha matairi: hata mabingwa wa Ulaya wameacha yale ya milimita 23 ya zamani, siku hizi wako kwenye 28 na zaidi, na upepo wa pampu wanaujaza kidogo kuliko zamani, kwa sababu tairi linalonyumbuka juu ya lami mbovu huenda haraka kuliko linalorukaruka. Kwa matuta ya Ukunda na mchanga wa barabara ya ufukweni Diani, hilo halina mjadala. Beba chupa mbili. Vaa shati linalobana. Toka alfajiri. Lori likija nyuma, kaza mikono yote miwili mapema, punguza mwendo, na usiiegemee kusi kana kwamba haitakatika.

Rimu zenye kina waachie wanaofuatwa na gari la timu. Kama umeshazinunua, fanya jambo moja: gurudumu la mbele rudisha lile la kawaida kuanzia Aprili hadi Septemba, maana la mbele ndilo linalokutupa, na la nyuma utaendelea kulifaidi.