Mtazameni Panya

Wajukuu zangu wa Kegonga, kila mnapozungumza habari za visukuku nasikia mkitaja mafuvu ya watu wa kale na nyani wa Rusinga. Panya hamumtaji. Mwenye nia ya kusomea kazi hii namsihi aanzie kwa panya.

Tembo hutembea mbali. Akifia kando ya mto, mfupa wake hautakwambia mengi juu ya nyasi za pale. Panya huzaliwa, huzeeka na kufa karibu na shimo lake. Ukikuta jino la panya wa nchi kame ndani ya udongo wa kale, ujue palikuwa pakavu. Ukikuta la panya wa msituni, ujue palikuwa na miti. Jino lenyewe mara nyingi ni la milimita chache tu, ila vinundu vya juu yake humtaja mwenyewe kwa aliyejifunza kuvisoma.

Mtazameni Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2000, kule Ileret, mashariki ya Ziwa Turkana, aliona fuvu la Homo erectus, mtu wa kale, la miaka ipatayo milioni 1.55, na mwaka 2007 likatangazwa ulimwenguni. Fuvu kama hilo latosha kumpa mtu jina maisha yake yote. Lakini tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ni ya wanyama wadogo wa Kanapoi. Huko Kanapoi ndiko yalikopatikana mabaki ya Australopithecus anamensis, jamaa wa kale wa binadamu waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita. Mifupa yao peke yake haikutosha kueleza waliishi katika nchi ya namna gani. Ilibidi kuwauliza panya, na panya wakasema habari za nyasi kavu na vichaka.

Kazi yenyewe nusu yake mnaijua, maana ni kama kuosha mchanga wa dhahabu. Udongo unachekechwa kwa wavu wenye matundu madogo sana, unaoshwa, unaanikwa. Kisha wewe unakaa mezani na hadubini, ukitenganisha punje na punje kwa kibano: hili jiwe, hili jiwe, hili jino. Siku nzima inaweza kwisha hivyo. Asiyeweza kutulia asijitie humo, na sitawadanganya kwamba nafasi za kazi ni nyingi.

Sehemu kubwa ya miamba yetu ya Kuria ni mikongwe mno, iliumbika kabla ya mnyama yeyote kuwa na mfupa, hivyo msitafute visukuku humo. Lakini shukeni hadi Karungu, humuhumu Migori. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alichimba pale, akapeleka mifupa London, na mwaka 1914 mtaalamu wa visukuku, Andrews, akawapa majina wanyama wenye mifupa hiyo. Mmoja wao alikuwa jamaa wa ndezi, huyu huyu mnayemwinda kwenye mashamba. Mwingine akaitwa Myohyrax oswaldi, akidhaniwa ni aina ya pimbi. Ilipita nusu karne, hadi mwaka 1965, ndipo mtaalamu mwingine, Patterson, alipoonyesha kuwa ni wa ukoo wa sange, yule mdogo mwenye pua ndefu. Mifupa ilikuwa ileile. Waliotazama upya ndio waliobadilika. Na mimi natamani sana anayetazama baadaye awe binti au kijana wa hapa.

Anzeni sasa, bila kungoja chuo. Bundi humeza panya, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa chini ya anapolala. Mifupa mingi midogo ya kale ilikusanywa hivyo. Huku kwetu bundi akilia juu ya paa, watu hutafuta mawe ya kumrushia. Mwacheni. Asubuhi chukueni donge lake, mlilowanishe, mpange mataya kwenye karatasi nyeupe, mwandike tarehe na mahali. Mnawe mikono kwa sabuni.

Mkifika Karungu au Rusinga na mkaona mfupa ndani ya mwamba, msiung'oe. Ukishatolewa bila kuandikwa tabaka ulimolala, hakuna atakayejua ni wa zama zipi. Upigeni picha, mwandike mahali, mtoe taarifa Makumbusho, kwani sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 yataka hivyo. Mtu akija na pesa akitaka kuununua, mwambieni hauuzwi.