Ngoma ya Bibi Iliyofutika

Ami yangu anakaa karibu na Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, na kabati lake bado limejaa kanda za harusi za miaka ya themanini na tisini. Ukimwazima mtu kanda, wewe huna tena, na asipoirudisha unajua ukabishe mlango gani. Nyingine zilikwenda hadi Maskati mikononi mwa wasafiri, na ukoo mzima ulijua nani kachukua ipi.

Harusi ya mpwa wangu haikuwa na kanda. Mpiga video alikuwa mwanamke, kama inavyotakiwa kwenye kupamba, ambako wanaume hawaingii na mabuibui huvuliwa ndani. Siku ya vugo, ngoma ya pembe ya wanawake, bibi yetu, mtu wa miaka themanini na ushei, aliinuka kitini, akaomba pembe, akaanza kuigonga kwa kijiti huku akiongoza nyimbo ambazo wasichana wengi pale hawakuwa wamepata kuzisikia. Nilisimama ukutani nikilia kwa furaha.

Baada ya wiki mbili mpiga video alitufungulia folda ya pamoja. Faili zikashuka kwenye kompyuta ya nyumbani, zikashuka na kwa kaka yetu Maskati. "Zimesawazishwa kote," akasema, "mnazo mahali patatu." Tulishukuru, tukamlipa. Naye, kama wafanyavyo wenzake, akasafisha memori kadi zake kwa ajili ya harusi nyingine.

Neno lililotuponza ni hilo: kusawazisha. Sisi tulisikia kuhifadhi. Kusawazisha ni kuhakikisha pande zote ziko sawasawa wakati wote, hivyo kinachoongezwa huku huongezeka kule, na kinachofutwa huku hufutika kule. Zile hazikuwa nakala tatu. Vilikuwa vioo vitatu mbele ya mtu mmoja. Akiondoka, vyote ni vitupu. Nakala ya akiba ni kitu kingine kabisa: hukaa peke yake, imechomolewa, na linalompata mwenzake haliifikii.

Kompyuta ilipojaa, kijana wetu wa kidato cha tatu alitaka nafasi ya kazi za shule. Akafuta folda nzito kuliko zote. "Si ziko mtandaoni, shangazi?" aliniambia baadaye, na sikuweza kumgombeza, maana ndivyo tulivyomfundisha sisi wenyewe. Tena sote tulikuwa tumepewa ruhusa ya kuhariri, na ndani ya ruhusa hiyo imo ya kufuta. Ya kutazama tu ingetutosha. Tangu mwaka 2009, waya wa intaneti wa baharini wa TEAMS ulipofika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, faili ya hapa hufika Ghuba haraka kuliko chai kupoa. Kufutwa kwake nako kulifika haraka vivyo hivyo.

Pipa la folda ile lilikuwa likitunza vilivyofutwa kwa siku 30. Bibi alifariki mwezi wa tatu baada ya hapo. Baada ya khitma, tulipotaka kumwona tena na pembe yake, folda ilikuwa tupu.

Tukatafuta simu kwa simu. Kilichopatikana ni kipande kilichowahi kutumwa kwa WhatsApp, nacho kilikuwa kimebanwa. Kubana video ni kuiondolea sehemu ya taswira na sauti ili iwe nyepesi kusafiri, na kilichotolewa hakirudi, hata uihamishie kwenye kompyuta kubwa namna gani. Faili asili ilikuwa na GB kadhaa. Hiki kina MB chache. Uso wa bibi ni mabaka, na pembe inasikika kama bati.

Katika kutafuta huko tukagundua jambo jingine, ambalo hadi leo linaniuma. Linki ya folda ilikuwa imewekwa wazi kwa yeyote atakayeipata, na mtu alikuwa ameipeleka kwenye kundi la ukoo, lenye wanaume. Wanawake waliovua mabuibui kwa kuaminiana walikuwa mle ndani, bila kuulizwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Lakini waliopaswa kuwalinda kwanza ni sisi tulioitisha harusi, kwa kuandika majina ya watakaofungua linki, jina kwa jina.

Ndugu msomaji, kama mzee wako yumo kwenye folda ya pamoja, usingoje kesho. Chomeka diski ya nje leo, nakili faili asili, ifungue uone kama inacheza mpaka mwisho, kisha ichomoe diski hiyo na umpe ndugu wa nyumba nyingine akuwekee.