Kijana na Vazi Lake

Mzee amwonapo kijana katika suruali ya jinzi na chepeo, hukata shauri papo hapo ya kuwa ameitupa mila ya babaze. Na kijana naye hudhani ya kuwa kwa kubadili nguo amekuwa mtu mwingine. Wote wawili wameingia katika kosa moja, nalo ni kudhani ya kuwa nguo ina maana isiyogeuka.

Na yatazamwe yaliyopita Uturuki. Mwaka 1829 Sultan Mahmud wa Pili aliwaamrisha watumishi wa serikali wavae tarbushi, wako walioiona kuwa ni uzushi. Mwaka 1925 serikali ya Mustafa Kemal ikaikataza tarbushi ile ile na kulazimisha chepeo. Watu wakaitetea kama alama ya Uislamu, hata wengine wakanyongwa. Tarbushi haikugeuka, iliyogeuka ni maana waliyoitia watu. Ndipo Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alipoulizwa mwaka 1903 na Muislamu wa Transvaal juu ya chepeo, akatazama nia: maadamu mvaaji hakukusudia kutoka katika dini yake, si ukafiri.

Lakini asije mtu akasema, basi nguo si kitu. Unguja, watumwa walikuwa wakienda kichwa wazi na miguu mitupu. Utumwa ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897, wengi wao wakavaa kanzu na kofia. Hayakuwa mapambo tu. Walikuwa wakidai wahisabiwe waungwana. Basi huenda kijana wa leo naye anadai jambo kwa vazi lake, nalo ni kutambuliwa na wenziwe. Na aulizwe kabla ya kutukanwa.

Sheria imeweka mipaka: tupu isitirike, mwanamume asivae hariri, pasiwe na kiburi wala israfu, wala mtu asikusudie kujifananisha na watu wa dini nyingine katika dini yao. Yaliyobaki ni ada. Mzee amfukuzaye msikitini kijana aliyejisitiri, amelinda ada na kumpoteza mtu. Na kijana avaaye kanzu siku ya Ijumaa ili asisemwe tu, hajalivaa lile vazi la ucha Mungu lililotajwa katika Suratul-Aaraf kuwa ndilo bora. Kijana huyo na apewe nafasi yake katika safu, kisha ndipo afundishwe.

Wallahu aalam.